Santuri, Simu na Jina la Mwimbaji

Yapo mabishano ambayo hayaishi kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo upande wa pili haukuuliza. Moja kati ya hayo ni lile linalohusu santuri na sauti za dijitali. Wazee wenzangu husema kwamba muziki ulikwisha siku santuri ilipoondoka. Vijana hujibu kwamba simu moja ya mkononi hubeba nyimbo nyingi kuliko kabati zima la santuri, tena hazikwaruzi. Pande zote husema kweli kwa kiasi fulani, na zote huachana bila kusikilizana. Katika insha hii nakusudia kuzipima kama mwalimu anavyosahihisha madaftari mawili, nikitoa alama panapostahili na kuzipunguza panapostahili. Kisha nitaeleza jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko ubora wa sauti wenyewe, nalo ni jina la aliyeimba.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Ufundi wa kunasa sauti na kuirudisha ulianza mwaka 1877, wakati Thomas Edison wa Marekani alipotengeneza mashine iliyoandika sauti juu ya mcheduara uliofunikwa kwa karatasi ya bati. Miaka kumi baadaye Emile Berliner akaja na sahani bapa, nayo ndiyo mama wa santuri tuijuayo. Sahani za zama zile zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika. Zilitengenezwa kwa gundi inayotolewa na wadudu wadogo wa India na nchi jirani, zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama sahani za udongo. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika tatu na ushei tu. Ni kwa ajili ya sahani za namna hiyo kwamba Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi. Mwaka 1948 ikatoka Marekani santuri ya vinaili, yaani plastiki, iliyozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika na kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata ikatoka ile ndogo ya mizunguko 45, na hiyo ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Sahani za dijitali, yaani CD, ziliingia madukani Japani mwaka 1982. Baada ya hapo zikaja nyimbo za kompyuta, za simu, na sasa zile zinazosikilizwa moja kwa moja kutoka kwenye intaneti.

Sasa tupime. Hoja ya kwanza ya wapenzi wa santuri ni kwamba sauti yake ni nzuri zaidi, ina joto na uhai. Hapana budi tuichunguze hoja hii kwa utulivu.

Juu ya santuri kuna mfuo mmoja mwembamba unaozunguka kuanzia ukingoni hadi karibu na katikati. Kuta za mfuo huo zimechongwa kufuata mtikisiko wa sauti. Sindano inapopita humo nayo hutikisika, na mtikisiko wake hukuzwa hadi ukasikika kwenye spika. Ni ufundi wa kustaajabisha, lakini una kasoro ambazo hakuna mapenzi yanayoweza kuzifuta. Vumbi likiingia katika mfuo linasikika. Sindano iliyochakaa huuparura mfuo, na mparuzo huo hautoki tena. Isitoshe, santuri huzunguka kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Katika santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, sindano hupitiwa na sentimita 50 hivi za mfuo kwa sekunde pale ukingoni, lakini karibu na katikati hupitiwa na sentimita 21 hivi tu. Sauti ileile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande, hasa wenye tarumbeta na sauti nyembamba za waimbaji, aghalabu husikika umekwaruza kidogo kuliko wa kwanza.

Dijitali hufanya kazi kwa njia nyingine. Sauti hupimwa mara nyingi mno kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Katika CD vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde, na kila kimoja kinaweza kuwa na moja ya thamani 65,536. Wapinzani husema kwamba sauti iliyokatwakatwa hivyo ni ngazi na si mteremko, kwa hiyo lazima kuna vipande vinavyopotea katikati. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini si sahihi. Hisabati imekwisha kuonyesha kwamba mtikisiko ukipimwa zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wake, unaweza kurudishwa wote ukiwa laini kama ulivyokuwa. Sikio la kijana mzima husikia mitikisiko isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde, na vipimo 44,100 vinatosha na kubaki. Ama sisi tuliopita miaka 70, tusijidanganye. Sauti nyembamba kabisa zilikwisha kutuaga zamani, na mzee anayedai kusikia katika santuri kitu ambacho CD haina, anasikia ujana wake.

Hata hivyo, alama za dijitali zina mipaka yake. Ili nyimbo nyingi zienee katika simu, hupunguzwa ukubwa. Wimbo wa MP3 uliobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde umebakiwa na sehemu moja tu kati ya kumi na moja za habari zilizokuwa katika CD. Wataalamu wa Ujerumani waliobuni mbinu hiyo walichagua kwa uangalifu cha kutupa, wakitupa kile ambacho sikio halikitambui kwa urahisi. Lakini wimbo ukibanwa, kisha nakala yake ikabanwa tena, na nakala ya nakala ikabanwa mara ya tatu, hubaki kama chai iliyotiwa maji ya moto mara tatu juu ya majani yaleyale. Juu ya hayo, kijana husikiliza kupitia spika ya simu isiyozidi ukubwa wa ukucha, huku akilinganisha na redio-gramu ya babu yake iliyokuwa na ukubwa wa kabati. Besi haiwezi kutoka mahali pasipo na nafasi ya kutokea. Kesi nyingi zinazofunguliwa dhidi ya dijitali, mshitakiwa wake halisi ni spika.

Katika usafi wa sauti, basi, dijitali iliyotunzwa vizuri inashinda, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya wazee wenzangu.

Hoja ya pili inahusu umbo la wimbo. Watu husahau kwamba chombo cha kuhifadhia hutia mkono wake katika kile kinachohifadhiwa. Taarabu barazani haikuwa na haraka. Ubeti uliweza kurudiwa, wasikilizaji wakainuka kutunza, ala zikajibizana. Sahani ya dakika tatu haikuwa na subira hiyo. Kwa hiyo tunapomsikia Siti leo, tunamsikia akiwa amefinywa ndani ya muda wa sahani. Kipimo hicho kilimlazimisha kila msanii wa zama zile kuchagua beti za kuimba na beti za kuacha, na hatuna njia ya kuzisikia zile zilizoachwa.

Bendi za dansi nazo zilifanya suluhu ya aina yake. Wimbo ulianza taratibu kwa mashairi upande wa kwanza, kisha msikilizaji akageuza santuri, na upande wa pili magitaa yakachukua usukani, mwendo ukapanda, watu wakaingia kwenye chemko. Kule kugeuza sahani kukawa sehemu ya wimbo. Wachezaji walipumua, wengine wakabadilishana wenzi, na kila mtu alijua kinachokuja. Dijitali haina haja ya mapumziko hayo. Inaweza kubeba wimbo wa nusu saa bila kukata, na hilo ni jambo jema kwa taarabu na kwa dansi pia.

Lakini hapa pana hasara ambayo nimeiona mara nyingi, na inaniudhi. Wengi wanaohamisha nyimbo za zamani kutoka kwenye santuri ndogo kwenda kwenye kompyuta huhamisha upande mmoja tu. Wimbo unaosimulia kisa unakatika pale sindano ilipofika mwisho wa upande wa kwanza. Mume amekwisha kushitakiwa lakini hajajibu, au barua imeandikwa lakini haijafika. Upande wa pili, kama ulihamishwa, unaelea peke yake kwa jina jingine kama wimbo tofauti. Kijana anayesikia nusu hiyo anasema kwamba nyimbo za zamani hazina mwisho. Atajuaje kwamba mwisho umo nyuma ya sahani?

Hoja ya tatu ni ya usikivu. Nilipokuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, miaka ya sabini, wanachuo walichanga fedha wakanunua redio-gramu moja. Jumamosi jioni ilitolewa bwaloni, na mwenye zamu ya santuri alikuwa na kazi ya heshima. Hakuruhusiwa kuweka sahani bila kwanza kusoma lebo yake kwa sauti: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi. Mtu aliyemaliza miaka miwili chuoni pale aliweza kukuambia Salum Abdallah ni nani na Mbaraka Mwinshehe ni nani bila kubabaika. Santuri zilikuwa chache, kwa hiyo kila moja ilisikilizwa hadi ikajulikana ndani nje. Leo mtu ana nyimbo elfu moja mfukoni na anaziruka kwa kidole kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Hata hivyo nasita kuilaumu simu peke yake. Msomaji mvivu huruka kurasa hata kitabu kikiwa kizuri, na msikilizaji makini anaweza kukaa na wimbo mmoja katika simu jioni nzima. Santuri ilitusaidia kuwa wasikivu kwa sababu ilitunyima uhuru wa kuwa vinginevyo. Hiyo ni sifa, ila si sifa ya kujivunia sana.

Hoja ya nne ni ya upatikanaji na uhai. Hapa santuri ina historia yenye machungu kwetu. Wanamuziki wa Tanzania walirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zenyewe zilikandamizwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo ikawa ya mashaka. Nyimbo nyingi zikabaki katika kanda za redio tu, zikisikika hewani bila mtu kuweza kuzinunua. Kisha zikaja kaseti, na kila mwenye redio ya kaseti mbili akawa kiwanda. Muziki ukaenea, mwanamuziki akabaki mikono mitupu.

Santuri zilizosalia majumbani nazo hazina maisha marefu zisipotunzwa. Jua huzikunja, na joto lenye unyevu la pwani huotesha ukungu katika mifuo na kuozesha majalada. Panya wala hawaulizi ni ya bendi gani. Dijitali inaweza kunakiliwa mara mia bila nakala ya mia kupungukiwa na kitu, ilimradi haikubanwa, na inaweza kumfikia mjukuu aliye Muscat au Toronto kabla babu hajamaliza kunywa chai. Lakini nayo hufa, tena hufa ghafla. Santuri iliyokwaruzika bado huimba. Flashi iliyoharibika hunyamaza kabisa. Na yule anayelipia nyimbo za intaneti kila mwezi amepanga tu. Siku akiacha kulipa, au mwenye duka akiuondoa wimbo, hana cha kumwachia mtoto wake.

Labda ndiyo sababu santuri haikufa kama ilivyotabiriwa. Huko Marekani mwaka 2022 santuri mpya zilizouzwa zilizidi kwa idadi CD zilizouzwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Wanunuzi wengi ni vijana ambao hawakukua nazo. Na hapa kwetu, katika soko la Kenyatta jijini Nairobi, santuri kuukuu zimeuzwa kwa miaka mingi, na miongoni mwa wanunuzi wamo wageni kutoka ng'ambo wanaojua thamani ya kile ambacho sisi tulikuwa tukifunikia mitungi.

Sasa nifikie jambo nililoahidi.

Nenda kwa kijana yeyote anayeuza nyimbo mtaani, umpe flashi, umwambie akutilie muziki wa zamani. Kwa fedha kidogo atakutilia nyimbo mia mbili. Zifungue utazame majina yake. Utakuta namba tupu, au jina la wimbo lililoandikwa kwa makosa, au utakuta neno moja linalofunika zote: zilipendwa. Neno hili lilianza kwa upendo, na sina ugomvi na upendo. Ila limekuwa shimo la kutupia majina ya watu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, akiwa amefanya rumba ya Kuba ikazungumza Kiswahili cha Morogoro. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na gitaa lake ni tofauti na la mtangulizi wake kama mwandiko wa mtu mmoja ulivyo tofauti na wa mwingine. Marijani Rajab, waliyemwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na ubora wake ulikuwa katika kusimulia visa vya maisha ya mjini. Kuwaweka watu hawa watatu katika chungu kimoja na kukiita zilipendwa ni sawa na kuweka Shaaban Robert na washairi wote waliomtangulia na kumfuata katika jalada moja lisilo na majina, kisha kuliita mashairi ya zamani.

Kwa miaka mingi nimesimamia mitihani. Karatasi isiyo na jina wala namba, hata ikiwa na majibu mazuri kiasi gani, haina mwenyewe. Msahihishaji anaweza kuisifu, lakini hawezi kumpa mtu yeyote alama zake. Ndivyo ulivyo wimbo usio na jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara inamtambua mtunzi na inamtambua mwimbaji. Lakini sheria haina macho ya kumtafuta mtu katika faili iliyoandikwa namba tupu. Mjane wa mpiga gitaa atadai vipi haki ya wimbo ambao hakuna anayejua nani aliupiga? Mwanahistoria ataupanga wapi? Mwanafunzi wa muziki atamwiga nani kwa kujua kwamba anaiga?

Haki inanitaka niseme pia kwamba lebo za santuri hazikuwa kamilifu. Nyingi hazikutaja mwaka, na wapiga ala wengi hawakuandikwa kabisa. Haki inanitaka niseme zaidi: faili ya dijitali ina nafasi ya kuandika mengi kuliko lebo ilivyoweza kubeba, yaani mtunzi, mwaka, waimbaji, kila mpiga ala, hata maneno yote ya wimbo. Kwa hiyo kosa si la chombo. Santuri haikuweza kutoka kiwandani bila lebo, kwa sababu mwuzaji asingejua anauza nini. Dijitali imetuachia sisi kazi ya kuandika, nasi tumeiacha kazi.

Kwa sababu hiyo hukumu yangu ni kwamba vyombo hivi viwili visishindanishwe kama majogoo. Santuri ni hati ya asili, na dijitali ni nakala yake inayosafiri. Mtu mwenye busara hatupi hati ya shamba kwa sababu amekwisha kupata nakala, wala hamnyimi mwanawe nakala kwa sababu hati imo sandukuni.

Msomaji mpendwa, ikiwa nyumbani kwako, au kwa shangazi yako, kuna santuri zilizosimama nyuma ya kabati, nakuomba mambo matatu. Kwanza, kabla hujafanya lolote, chukua daftari uandike kila neno lililo kwenye lebo, pamoja na namba ya sahani, kisha umwulize mzee aliye hai ni nani aliyepiga nini. Pili, ukizihamisha, hamisha pande zote mbili, bila kubana, na uandike yale ya kwenye daftari ndani ya faili lenyewe. Tatu, usiitupe sahani baada ya kuinakili, wala usiiuze kwa bei ya karanga. Isimamishe wima, mbali na jua. Kazi hii haihitaji mtaalamu wala ruzuku. Inahitaji mtu mmoja, kalamu, na alasiri chache, mradi ianze wakati wazee wanaoyakumbuka majina hayo bado wapo.